Mwenye Ng'ombe Hawi Dalali

Kila asubuhi, kabla jua halijachungulia, Kanini alikuwa ameshaamka. Alichochea moto, akabandika chai ya Susu, yaani nyanya yao, akampashia mdogo wake Mumbua kiporo cha muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, kisha akamshika mkono wakaenda shule. Kila mmoja alibeba maji yake: Kanini mtungi wa manjano, Mumbua chupa ya mafuta ya kupikia iliyooshwa hadi ikaisha harufu. Mwaka huo mvua ilikuwa imewasahau watu wa Matuu, na tangi la shule ukiligonga lilikuwa linalia kama ngoma.

Mumbua alikuwa darasa la pili. Alikuwa na pengo la meno mawili, na hakuna kitu kilichomfurahisha kama kumshinda dada yake kwa vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Babu ana tumbo kubwa, lakini hajala mwaka mzima."

Kanini alifikiri hadi walipofika kwenye ua wa mkonge. "Haya, nimeshindwa."

"Nipe mji!"

"Nakupa Thika."

"Thika nimeenda, nimekula mkate na soda, na nimerudi na viatu vipya. Ni tangi la shule!"

Wakacheka wote wawili hadi maji yakamwagika.

Kanini, kwa Kikamba, ni jina la kitu kidogo. Na kweli alikuwa mdogo wa mwili, mtoto wa darasa la sita aliyeketi dawati la mbele ili aone ubao. Lakini kichwa chake kilikuwa kikubwa. Mwalimu Justus alipowatahini somo la uraia, Kanini alijibu bila kukosa hata swali moja: Bunge hutunga sheria, Serikali huzitekeleza, Mahakama huamua nani amezivunja. Mwalimu alisoma karatasi yake kwa sauti, darasa likapiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu zaidi ni Ilwad, aliyeketi naye dawati moja. Ilwad alikuwa binti ya Mzee Warsan, Msomali aliyeuza na kununua mifugo kwenye mnada wa Matuu. Alizaliwa hapo hapo mjini, na Kikamba chake kilikuwa kitamu kuliko cha Wakamba wengi.

Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu karo ifutwe. Watoto walikuja shuleni kama siafu, wengine wakubwa wenye ndevu za kwanza, lakini walimu hawakuongezeka. Mwalimu Justus akawa anafunza madarasa mawili kwa wakati mmoja, anakimbia huku na huku, chaki sikioni. Siku moja, akihema mlangoni, alimnyooshea Kanini kidole.

"Wewe ndiwe monita. Nikiwa sipo, wewe ndiwe mimi. Sheria weka wewe, mkorofi shika wewe, adhabu toa wewe. Mimi sitaki kusikia kelele. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akampa na monto. Monto ilikuwa kibao cha mti chenye kamba. Mtoto wa madarasa ya juu aliyesikika akiongea Kikamba shuleni badala ya Kiingereza alivishwa shingoni, akakaa nacho hadi amsikie mwenzake akikosea, naye amvishe. Hivyo ndivyo shule nyingi zilivyofanya wakati huo, na hakuna aliyeuliza kibao hicho kilitoka wapi.

Wiki ya kwanza Kanini aliwanyamazisha wenzake kwa upole. Wiki ya pili aligundua kwamba akisimama, darasa zima linanyamaza hata kabla hajafungua mdomo. Utamu wa jambo hilo ulimwingia kama asali kwenye chapati. Akaanza kuongeza sheria. Hakuna kucheka. Hakuna kugeuka nyuma. Hakuna kumwangalia monita vibaya.

"Vibaya ni vipi?" aliuliza Ngui, mvulana mrefu wa dawati la nyuma.

"Kama hivyo unavyoniangalia sasa. Piga magoti."

Ngui alipiga magoti juu ya kokoto hadi kengele ikalia. Aliposimama, kokoto zilikuwa zimeshikana na ngozi yake, akazibandua moja moja huku wenzake wakicheka. Waliocheka walipiga magoti pia.

Baadaye Kanini aliona kibao hakiogofyi vya kutosha. Akapita nyuma ya kichinjio, akaokota taya la mbuzi lenye meno yote, akalifunga kamba ya katani. Lilikuwa halijakauka vizuri. Nzi walilipenda. Aliyevaa taya hilo hakuketi na mtu, hakula na mtu, na watoto walikuwa wanambwekea kama mbwa. Wengine wakaanza kumletea Kanini maembe ili asiwasikie wakikosea. Aliyala. Asiye na embe ndiye aliyesikika.

Basi Kanini akaona hata darasa la sita ni dogo. Wakati wa mapumziko alianza kuwawinda watoto wa madarasa ya chini, ambao walimu wenyewe waliwafunza kwa Kikamba kwa sababu Kiingereza chao hakijaota meno. Wa kwanza kukamatwa alikuwa Mumbua.

"Lakini mimi ni wa darasa la pili!" Mumbua alilia, kwa Kikamba hicho hicho.

"Umeongeza kosa," Kanini alisema, akamvisha taya. Kisha akawageukia waliotazama. "Mmeona? Hata mdogo wangu simhurumii. Nani tena atasema nina upendeleo?"

Taya lilimfika Mumbua kiunoni. Alipotembea lilimgonga. Jioni hiyo njiani hakukuwa na vitendawili. Mumbua alitembea nyuma, na kila Kanini alipogeuka alimwona ameziba mdomo kwa kiganja, kama mtu anayezuia kikohozi.

"Mbona mtoto haongei?" Susu aliuliza.

"Anajifunza Kiingereza," Kanini alijibu.

Siku iliyofuata, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, Ilwad alikuwa anafunga dawati lao, mfuniko ukambana kidole. Ukucha uliinuka.

"Uui, mwaitu!" alipiga kelele.

Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. Darasa likamgeukia monita.

"Ilwad Warsan," Kanini alisema taratibu. "Umeongea Kikamba."

"Kanini, ona kidole changu."

"Msomali mzima analia Kikamba! Kwani kwenu hamna mama?"

Watoto wakacheka, kwa kuwa kucheka na monita hakukuwa kosa. Macho ya Ilwad yalijaa, lakini hakuyapangusa.

"Sheria inasema mtu asiongee Kikamba," alisema. "Mimi sijaongea. Nimelia. Kulia si kuongea."

"Ni kuongea."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Wewe ndiwe umenikamata. Sasa nani ataamua kama ni kosa ama si kosa?"

"Mimi."

"Na ukikosea?"

"Mimi sikosei! Sheria ni mimi!"

Ilwad alimtazama rafiki yake. Kisha akasema, "Basi kwenye mtihani ulipata alama zote za nini?"

Hakuna aliyecheka. Na huko kutocheka ndiko kulikomchoma Kanini, kwa sababu aliona kwenye macho yao kwamba wameelewa. Damu ilimpanda kichwani.

"Utaenda mtoni," alisema. "Mtaenda wewe na Mumbua, maana bado ana taya. Mjaze ndoo kubwa, na msirudi bila maji. Na wewe utachimba mwenyewe."

"Mwalimu amekataza mtu kwenda mtoni bila mkubwa."

"Mwalimu akiwa hayupo, mimi ndiye Mwalimu."

Mto wao ulikuwa mto wa mchanga, kama mito mingi ya Ukambani. Kiangazi kikikaza, maji hujificha chini, na watu huchimba mashimo kuyafuata. Shimo likiwa refu, anayejua kazi hiyo hulipanua juu kwanza ili kuta zisimwangukie. Mtoto wa mfanyabiashara wa mifugo angelijulia wapi hilo? Ilwad alishuka shimoni na kibakuli, akawa anakwangua kwa mkono mmoja, kidole kibovu amekiinua juu. Mumbua alikaa ukingoni akipokea.

Ukuta ulianguka bila kelele. Mumbua aliona kitambaa cha kichwa cha Ilwad, kisha akaona mchanga umemfika Ilwad shingoni, na mdomo wake uko wazi lakini hautoi sauti. Mumbua alifukua kwa vidole. Kila alichotoa, kingine kilishuka. Akasimama akakimbia, taya likimpiga tumboni njia nzima.

Kanini alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa na wenzake. Mumbua alifika akihema, mchanga umejaa nywele na kope.

"Kanini! Ilwad nĩ..."

"Kiingereza!" Kanini alifoka.

Mumbua akaziba mdomo. Akatoa mkono. Akaonyesha mtoni. Akashika shingo yake mwenyewe.

"Hapa si kwenye ngoma. Sema kwa Kiingereza ama nyamaza."

Mtoto yule alikuwa na Kiingereza kidogo tu, kile cha kuamkia mwalimu na cha kuambiwa kaa chini, simama, futa ubao. Alikitafuta kilichokaribia, huku machozi yakichora mistari kwenye mchanga wa mashavu.

"Ilwad... sidauni," alisema. "Ilwad sidauni. Wota. Sidauni, sidauni!"

Darasa likapasuka kwa kicheko. "Ilwad ameketi majini!" Ngui alisema, akijishika mbavu. "Amekuwa chura!" Mwingine akaanza kuimba "sidauni, sidauni," na wengine wakapokea, wakipiga madawati.

Kanini naye alicheka. Lakini macho yake yaliuona ule mchanga. Uliingia hadi ndani ya masikio ya Mumbua, na mchanga hauingii masikioni mwa mtu aliyekaa ukingoni kupokea kibakuli. Aliuona, akajiambia, muulize. Muulize kwa Kikamba, neno moja tu. Lakini darasa zima lilikuwa linamtazama. Akiongea Kikamba yeye mwenyewe, taya litakuwa la nani?

"Rudi mtoni," alimwambia mdogo wake. "Na ukija tena, uje na sentensi."

Mumbua hakurudi. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akalia bila sauti, viganja viwili mdomoni.

Kelele za kicheko ndizo zilizomtoa Mwalimu Justus darasa la tano. Alimwona mtoto chini, akapiga goti mbele yake, akamshika mabega.

"Mumbua, nĩ kyaũ? Kuna nini?"

Kusikia Kikamba kwenye mdomo wa mwalimu kulikuwa kama kufungua mfereji. Mumbua alisema yote kwa pumzi moja: shimo, mchanga, shingo, mdomo ulio wazi. Mwalimu hakungoja amalize. Alikimbia, na viatu vyake vikabaki njiani. Wachoma matofali walisikia mayowe yake, wakaja na majembe, kisha wakayatupa wakachimba kwa mikono na sufuria ili wasimkate mtoto.

Ilwad alitolewa hai. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya jivu. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika pale ukuta ulipomwangukia. Alipovuta pumzi ya kwanza nzima alitapika mchanga, na mmoja wa wachoma matofali, mwanamume mwenye mabega kama ya fahali, aligeuka akalia.

"Kama mngechelewa kidogo," alisema, "tungekuwa tunachimba kaburi ambalo tayari lina mtu."

Kanini alisikia. Alikuwa amefika ukingoni, amesimama nyuma ya watu wote. Hakuna aliyemwambia kitu. Mzee Warsan alipofika, alimbeba binti yake kwenye pikapu ya mbuzi wakaenda hospitali.

Kesho yake Kanini alikuta darasa limemngoja. Mwalimu Justus alikuwa ameitwa ofisini. Ngui alikuwa amesimama mbele, taya la mbuzi mkononi.

"Kanini Nzuki," alisema, akiigiza sauti yake nyembamba. "Piga magoti."

"Ngui, tafadhali..."

"Hujaongea Kiingereza. Umeongeza kosa."

Wakamkamata. Wakamvisha taya. Wakamleta kwenye kokoto zile zile, wakamkandamiza mabega hadi magoti yakatoa damu. Mmoja alikuja na konzi ya mchanga akammiminia kichwani, akihakikisha unaingia masikioni.

"Sema sidauni!"

"Sidauni," Kanini alisema.

"Kwa sauti!"

Waliomletea maembe jana ndio waliopiga kelele zaidi. Nami nitawaambia, wajukuu zangu mnaosoma hapa, mfano huu: ukimwona mbwa aliyepigwa sana, usidhani amejifunza huruma. Mara nyingi amejifunza kupiga tu.

"Mwacheni!"

Ilikuwa sauti ya Mwalimu Justus. Alikuja akalivua taya lile shingoni mwa Kanini, akalishika kwa vidole viwili, akalitazama kana kwamba analiona mara ya kwanza.

"Ngui, nani amempata na kosa?"

"Sisi wote, Mwalimu. Karibu aue mtu!"

"Nani amemshika?"

"Sisi."

"Nani ametunga adhabu hii?"

Ngui akazitazama kokoto.

"Jana alikuwa mmoja mwenye kazi zote tatu," Mwalimu alisema. "Leo mmekuwa wengi, lakini kazi bado ziko mkono mmoja. Tofauti ni nini? Wingi wenu? Hata fisi huja wengi." Kisha akaketi juu ya dawati, akaonekana amezeeka. "Nami ndiye nilimwambia mtoto huyu atunge, akamate na ahukumu, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Hilo nitalijibu mbele ya kamati ya wazazi. Sijiamulii mwenyewe. Lakini kesi ya Kanini itasikizwa, na itasikizwa vizuri. Tutamngoja Ilwad."

Ilwad alirudi mkono ukiwa kwenye plasta, umefungwa shingoni kwa kitambaa. Darasa lilimshangilia. Mwalimu alikuwa ameshawagawa. Wanafunzi waliochaguliwa kwa kura walikuwa wameketi upande mmoja, nao waliandika sheria za darasa, chache, na kila moja ikasomwa na kupigiwa kura. Ngui alichaguliwa kuwa monita. Kazi yake ilikuwa kuona sheria zinafuatwa, basi. Kilibaki kiti cha hakimu.

"Ilwad!" darasa lilipaza sauti. "Ilwad amhukumu! Yeye ndiye aliyeumia!"

Kanini aliinamisha kichwa. Aliona ni haki. Ilwad alisogea hadi kwenye kiti, akakigusa mgongo kwa mkono mzima, lakini hakuketi.

"Mimi siwezi," alisema.

"Unaogopa?" Ngui aliuliza.

"Ngui, wewe umewahi kwenda mnadani?"

"Kila wiki naenda."

"Umewahi kuona baba yangu akiwa dalali wa ng'ombe wake mwenyewe?"

Ngui akacheka kidogo. "Hapana. Huita dalali."

"Na anajua bei kuliko dalali. Lakini mwenye ng'ombe hawi dalali. Baba husema, mwenye ng'ombe anaona maziwa tu, haoni kwamba ng'ombe anachechemea." Alimtazama Kanini kwa mara ya kwanza tangu aingie, na macho yake hayakuwa na upole hata chembe. "Mimi nikimwangalia huyu naona mchanga tu. Nikikalia kiti hiki nitataka azikwe. Tafuteni mtu ambaye hakuzikwa."

Mwalimu Justus akatuma mtu darasa la nane, wakaja wanafunzi watatu ambao hawakuwa marafiki wa Kanini wala wa Ilwad. Msemaji wao aliitwa Aloys, kijana mwenye kigugumizi na subira.

Aliwasikiliza mashahidi wote. Alimsikiliza Mumbua kwa Kikamba, bila kumharakisha, hata aliponyamaza katikati ya neno. Mwisho akamgeukia Kanini.

"Wewe nawe una haki ya kusema. Sema kwa lugha yoyote unayotaka."

Kanini alifungua mdomo, Kiingereza chake chote kikamkimbia. Alisema kwa Kikamba, na hivi ndivyo alivyosema:

"Nilijua. Niliona mchanga masikioni mwa Mumbua, nikajua kuna jambo baya. Sikuuliza kwa sababu nyinyi mlikuwa mnaniangalia. Niliogopa kuonekana nimekosea." Akamtazama Mumbua. "Nilikuwa nimecheka."

Hata Ngui alitazama chini.

Watatu wale walitoka nje wakashauriana, wakarudi. Aloys alisema kulia si kuongea, kwa hivyo Ilwad hakuwa na kosa tangu mwanzo. Alisema sheria ya Kanini haikuwahusu watoto wa darasa la pili, na monita hana mamlaka ya kumtuma mtu mtoni. Kanini asingekuwa monita tena hapo shuleni. Na hadi mkono wa Ilwad upone, yeye ndiye angekuwa mkono wake wa kuandika. Asingepigwa, asingevishwa kitu. Kuhusu waliomkandamiza kwenye kokoto, kesi yao ingesikizwa siku nyingine, na kuhusu monto, watatu wale waliomba walimu wakae waifikirie upya.

"Hiyo tu?" mtu alinong'ona nyuma.

"Hiyo tu," Aloys alisema. "Sisi tumetumwa kuamua, hatujatumwa kulipiza."

Kanini alihamia upande wa kulia wa Ilwad, akachukua kalamu. "Ilwad..." alianza.

"Andika," Ilwad alisema. "Na usiniongeleshe."

Kanini akaandika. Siku zote zile aliandika, na Ilwad hakumwambia neno ambalo halikuwa la kuandikwa. Hilo halikuwa kwenye hukumu, lakini lilikuwa zito kuliko hukumu.

Jioni moja Susu alikuwa anapeta mbaazi uani, Mumbua akiokota zilizoruka. Mumbua alikuwa bado haongei na Kanini. Alikuwa anaongea na Susu, na kuku, na mbuzi. Kanini aliketi kando akasimulia, bila kumlenga mtu, kwamba siku hiyo Ngui alikuwa amesimama mbele akatangaza: kuanzia leo hakuna kucheka.

"Kukawaje?" Susu aliuliza.

"Ilwad akainua mkono mzima, akauliza, 'Imepitishwa lini hiyo?' Ngui akatafuta jibu, akakosa, akaketi. Watu wakacheka. Naye akacheka."

Susu alicheka pia, ungo ukatikisika. "Kitendawili!"

"Tega," alisema Mumbua haraka, kabla ya Kanini.

"Namjua mmoja, anamkamata mbuzi mwenyewe, anasema mbuzi ana kosa, anamchinja, na ndiye anayetangaza nani ameshiba."

Mumbua aliuma mdomo. "Fisi!"

"Umenishinda. Ni fisi. Sisi watu tukichinja, anayeshika kisu si yeye anayegawa, na anayegawa huchukua wa mwisho, wote wakimwona. Unajua ni kwa nini? Si kwa sababu sisi ni wazuri. Ni kwa sababu tunajijua tulivyo. Kanini hukuzaliwa fisi, mwanangu. Ulipewa kazi ya fisi, ukaipenda. Ndiyo maana serikali ya watu hugawa kazi mikono mbalimbali, anayetunga sheria asiwe mwenye kukamata, na anayekamata asiwe mwenye kuhukumu. Na kila mmoja awe na wa kumuuliza, 'Imepitishwa lini hiyo?'"

"Nimeelewa, Susu," Kanini alisema.

"Bado." Susu aliweka ungo chini. Uso wake haukuwa na kicheko tena. Alimvuta Mumbua akamkalisha mapajani, akampangusa makapi ya mbaazi kwenye nywele. "Mkono wa Ilwad daktari atauondolea plasta. Magoti yako yatapona. Lakini siku ile huyu mtoto alijua neno la kumwokoa mtu, alilijua vizuri, akaogopa kulisema. Alimwogopa dada yake. Mahali ambapo mtoto anaogopa kusema kwamba mtu anakufa, hapo hata wakijenga Bunge la vioo na mahakama ya marumaru, hapana serikali. Pana shimo la mchanga tu, na sisi sote tuko ndani."